Uamuzi Ubaki kwa Mwenyewe: Namna ya Kumsaidia Mtu Mwenye Ulemavu Kuamua na Kujitegemea

Swali ambalo wazazi wa vijana wenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo huliuliza kuliko mengine yote ni hili: wazazi wakishafariki, nani atabaki na kijana huyu? Swali hilo ni la haki na lina uchungu wake, lakini mara nyingi huwafanya wanaouliza wahangaike kumtafuta mtu mmoja wa kukabidhiwa kila kitu, awe dada mkubwa au binamu mwenye huruma, ilhali jibu lenye manufaa zaidi huanza miaka mingi kabla ya msiba, pale kijana mwenyewe anapoanza kuamua mambo yake huku akiwa na watu wa kumsaidia.

Ushauri unaofuata umeandikwa kwa ajili ya familia, walezi na marafiki, hasa wa Tanzania na Kenya, na unahusu mambo yanayoweza kufanyika nyumbani, sokoni, zahanati na kwenye ofisi ya mtaa bila kungoja mradi wala mfadhili. Mifano mingi ni ya ulemavu wa akili kwa sababu huko ndiko watu hunyang'anywa uamuzi upesi zaidi, ingawa kiziwi, asiyeona na mtumiaji wa kiti cha magurudumu nao wanayajua vyema maudhi ya kusemewa ilhali wapo.

Msaada ni upi

Kusaidiwa kuamua ni utaratibu ambao mtu mwenye ulemavu huchagua watu anaowaamini, nao humweleza jambo kwa lugha anayoielewa, humsaidia kupima faida na hasara, kisha humsaidia kuwafikishia wengine alichokiamua, lakini uamuzi wenyewe hubaki wake. Utaratibu huu ni tofauti na ule wa kuwekewa msimamizi, ambapo mahakama au ukoo humteua mtu wa kuamua kwa niaba ya mwingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unatambua katika Ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine, yaani wanaweza kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zao na kuingia mikataba, na unazitaka nchi ziwapatie msaada wanaouhitaji ili wautumie uwezo huo. Ibara ya 19 inatambua haki ya mtu kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao.

Kujitegemea nako kusichanganywe na kufanya kila kitu bila msaada. Ed Roberts, Mmarekani aliyepooza kutokana na polio akiwa na umri wa miaka 14, alihitaji mtu wa kumvisha na kumlisha, na usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, lakini wasaidizi wake aliwachagua na kuwaelekeza yeye mwenyewe, na akawa miongoni mwa watu ambao juhudi zao zilizaa kituo cha kujitegemea cha Berkeley, California, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kuendeshwa na watu wenye ulemavu. Kijana anayevishwa nguo na mwingine anaweza kuwa mtu huru kabisa, mradi shati la kuvaa amelichagua yeye.

Pa kuanzia nyumbani

Familia nyingi huanza na jambo zito, kama vile shamba au ndoa, kisha hukata tamaa pale mtu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka 25 anapobaki kimya. Kuamua ni ujuzi, nao hujengeka kwa mazoezi ya mambo madogo.

1. Kwa muda wa wiki moja, familia iandike kila jambo linaloamuliwa kwa niaba ya kijana: saa ya kuamka, nguo, chakula, nani amnyoe, nani amwogeshe, aende wapi siku ya ibada, akae na wageni au asikae. Urefu wa orodha hiyo huwashtua wengi.
2. Yachaguliwe mambo matatu ambayo kosa lake halina madhara makubwa, kisha akabidhiwe moja kwa moja, bila mtu kuyarudia kichinichini.
3. Alichoamua kitekelezwe siku hiyohiyo, kwa sababu aliyechagua uji akaletewa chai hujifunza haraka kwamba kuulizwa kwake ni mchezo, na safari nyingine hatajisumbua kujibu.
4. Anapozoea, yaongezwe mambo mazito kidogo: matumizi ya fedha ndogo, kumtembelea rafiki, kazi ya kufanya nyumbani na ile ya kuikataa.

Hapa wazazi huwa na shaka moja ya kweli, kwamba kijana akizoea kuamua atakuwa mbishi. Atakuwa mbishi, naam, kwa muda fulani, kama walivyokuwa ndugu zake walipofika umri wa ujana, na ubishi huo unapaswa kupokewa kama dalili njema, kwani mtu asiyeweza kumkatalia mama yake hataweza kumkatalia tapeli wala mtu mwenye nia ya kumdhuru.

Namna ya kuuliza

Sehemu hii ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi, na huharibika mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamelelewa katika mazingira ambamo jibu la "ndiyo" humaliza usumbufu, na hivyo wanapoulizwa "Unataka kwenda kwa shangazi, sivyo?" hujibu "ndiyo" bila jibu hilo kuwa na uhusiano wowote na wanachokitaka. Wengine hurudia neno la mwisho walilolisikia. Msaidizi anayetaka jibu la kweli na afanye yafuatayo:

- Atoe chaguo mbili au tatu zilizo wazi, na pale inapowezekana azionyeshe kwa vitu vyenyewe au picha: kanga hii na ile, picha ya zahanati na picha ya nyumbani.
- Augeuze mpangilio. Aliyeulizwa "chai au uji?" akajibu "uji" aulizwe tena baada ya kitambo "uji au chai?", na akijibu "chai", msaidizi atambue kwamba bado hajapata jibu, amepata mwangwi wa swali lake.
- Angoje. Sekunde 10 za ukimya huonekana ndefu kwa anayeuliza, lakini kwa mtu anayehitaji muda wa kulielewa neno, kulipima na kuliandalia jibu, huo ndio muda anaoutumia kufikiri, na kila anaporushiwa swali jipya hulazimika kuanza upya.
- Aligawe jambo kubwa. Swali "Unataka kuishi wapi?" ni zito kwa yeyote, ni rahisi zaidi kuuliza kama anapenda nyumba yenye watoto, kama anataka chumba chake mwenyewe, na kama angependa kuwa karibu na sokoni.
- Achague saa na mahali. Mtu mwenye njaa, aliyetoka kumeza dawa inayomletea usingizi, au aliyezungukwa na wajomba watano kwenye kikao cha ukoo, hayuko katika hali ya kuamua.
- Amwombe aeleze kwa maneno au ishara zake alichoelewa, badala ya kumuuliza kama ameelewa.

Kwa kiziwi, kikwazo si kuelewa, ni lugha. Mkalimani wa lugha ya alama, au lugha ya ishara kama inavyojulikana Kenya, anahitajika katika kila uamuzi wenye uzito, na mtoto wa nyumbani anayejua alama chache za "kula" na "njoo" hawezi kuchukua nafasi hiyo mbele ya daktari au hakimu. Asiyeona naye asomewe hati yote neno kwa neno kabla ya kuweka dole gumba, na msomaji awe mtu asiyefaidika na hati hiyo.

Kwa asiyezungumza

Pingamizi linalotolewa kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba ushauri wa namna hii unawafaa wenye ulemavu mdogo tu, kwa kuwa asiyesema neno hata moja hawezi kuamua lolote. Ukweli ni kwamba hakuna mtu asiye na mawasiliano kabisa. Waliopo ni watu ambao mawasiliano yao hayajasomwa. Njia rahisi ya kuanza kuyasoma ni jedwali la mawasiliano lenye safu nne, linaloandikwa katika daftari la kawaida na kujazwa na wote wanaokaa naye:

- jambo linalotokea, kwa mfano, wakati wa chakula cha mchana;
- anachokifanya, kwa mfano, anasukuma sahani kwa kiganja;
- inavyodhaniwa kuwa na maana, kwa mfano, chakula ni cha moto mno;
- kinachopaswa kufanywa, kwa mfano, kipozwe kisha apewe tena, na akisukuma mara ya pili kiondolewe bila kumlazimisha.

Safu ya tatu iandikwe kwa penseli, kwa sababu ni dhana tu, nayo itasahihishwa mara nyingi. Daftari hili lina thamani kubwa siku mama anapolazwa hospitali na mtu mwingine anapolazimika kuingia jikoni. Ikiwa jambo ni zito na matakwa ya mtu hayajajulikana baada ya jitihada zote, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba ilieleza mwaka 2014 kwamba kinachotafutwa ni tafsiri bora ya matakwa yake, kwa kuangalia maisha yake, anavyovipenda na alivyovikataa zamani, wala si kile ambacho wengine wanakiona kuwa chema kwake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama kijana anayefurahi kuwa miongoni mwa watu atapelekwa kijijini kwa bibi "akapumzike".

Kundi la wasaidizi

Msaidizi mmoja anaweza kuugua, kuhama, kuchoka au kuharibika tabia, na kwa sababu hiyo watu watatu hadi sita ni bora kuliko shujaa mmoja. Huko Toronto, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980, marafiki wa Judith Snow, mwanamke aliyekuwa na ulemavu mkubwa wa viungo, walijikusanya ili kumwezesha kuishi nje ya taasisi, na mtindo huo wa duara la wasaidizi umeigwa tangu hapo katika nchi nyingi. Afrika Mashariki ina malighafi tele ya kuujenga: jirani, mwanakikundi wa kuweka na kukopa, mwalimu wa zamani, kijana wa bodaboda anayemfahamu, muumini mwenzake wa msikitini au kanisani.

Kundi lizingatie masharti haya:

- Mwenye ulemavu ndiye achague wajumbe, na awe na uwezo wa kumwondoa yeyote bila kutakiwa kutoa sababu.
- Angalau mjumbe mmoja asiwe ndugu, na angalau mmoja awe wa rika lake.
- Anayefaidika na uamuzi fulani asimsaidie katika uamuzi huo. Kaka anayelima shamba la urithi la mdogo wake anaweza kuwa msaidizi bora wa mambo ya afya, lakini habari za shamba zisimpitie yeye.
- Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, au yarekodiwe kwa sauti, yakionyesha nani anasaidia katika jambo gani na wapi msaada wake unakomea.

Fedha

Unyonyaji mwingi hupitia kwenye simu. Kijana humpa kaka yake namba ya siri, kaka hutuma na kutoa fedha, na baada ya miaka miwili hakuna anayejua ruzuku, ujira au faida ya biashara ya mkaa ilikwenda wapi. Laini ya simu, ambayo nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, isajiliwe kwa jina la mwenyewe, kwa maana aliyesajili laini ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye fedha. Asiyeweza kukumbuka namba ya siri asaidiwe kuibonyeza na mtu aliyemchagua, na ujumbe wa kila muamala usifutwe hadi mjumbe wa pili wa kundi auone mwishoni mwa mwezi.

Kwa matumizi ya kawaida, bahasha za picha zimewafaa wengi wasiojua kusoma. Siku ya kupokea fedha, mwenyewe hugawa noti katika bahasha zenye picha ya nyumba kwa ajili ya kodi, picha ya balbu kwa ajili ya umeme, picha ya sahani kwa ajili ya chakula, na moja yenye picha ya chochote akipendacho. Bahasha hiyo ya mwisho haina maelezo wala hesabu ya kutolewa kwa mtu. Iwapo ataimaliza siku ya kwanza kwa soda na maandazi ya rafiki zake, msaidizi na ajizuie kuifidia kutoka kwenye bahasha ya chakula, kwa kuwa siku za mfuko mtupu zitamfundisha jambo ambalo mahubiri hayawezi.

Nchini Tanzania, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Kabla ya kuweka saini, mkopaji aelezwe kwa mifano ya vitu anavyovijua maana ya kudaiwa, na aulizwe kama anautaka mkopo huo yeye au anautaka mtu anayemsindikiza.

Mwili wake na hospitali

Daktari humgeukia mama na kuuliza, "Anaumwa nini?" Mama mwenye busara humjibu kwa kumgeukia kijana na kurudia swali, hata kama atalazimika kukamilisha jibu baadaye. Kwa vipimo na matibabu ya kawaida, familia iombe maelezo mafupi, mchoro au kuonyeshwa kifaa chenyewe, na iombe daktari azungumze na mgonjwa kwa dakika chache bila ndugu kuwapo, endapo mgonjwa anataka hivyo.

Jambo moja halina nafasi ya kulegezwa. Wasichana wenye ulemavu wa akili wamekuwa wakichomwa sindano za uzazi wa mpango, na wengine kufungwa kizazi, bila kuelezwa wala kuulizwa, kwa hoja ya kuwakinga. Ibara ya 23 ya Mkataba inalinda haki yao ya kubaki na uwezo wa kuzaa sawasawa na wengine, na sindano haimzuii mbakaji. Inaficha tu ushahidi ambao ungeonekana baada ya miezi kadhaa. Kinga ya kweli ni kumfundisha msichana majina halisi ya viungo vyake, haki ya kusema hapana, na mtu wa kumwendea akiguswa.

Chumba chake

Si lazima kijana ahame nyumbani ili aitwe anayejitegemea, lakini anayetaka kuhama asizuiwe kwa sababu tu hajawahi kujaribu. Mpito unaofaa huenda polepole:

1. Usiku mmoja mmoja kwa rafiki au ndugu, kisha wiki moja.
2. Chumba katika ua wa familia chenye mlango na kufuli lake, ambamo hata wazazi hubisha hodi.
3. Chumba cha kupanga karibu na angalau mjumbe mmoja wa kundi, mkataba ukiwa kwa jina la mpangaji mwenyewe. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, malipo yafanywe mbele ya shahidi na risiti ibaki kwa mpangaji.
4. Utambulisho kwa mwenyekiti au mjumbe wa mtaa, ufanywe na mpangaji mwenyewe akisindikizwa, ili ajulikane kama mkazi na si kama mgonjwa aliyeachwa.

Mazoezi ya kununua umeme, kuwasha jiko la gesi au la mkaa kwa usalama, na kupiga simu ya dharura yafanyike katika chumba chenyewe kitakachotumika, kwa kuwa wengi hujifunza jambo mahali fulani na hawalihamishi kirahisi kwenda mahali pengine.

Akiamua vibaya je?

Itatokea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kiakili ina kanuni inayofaa kukumbukwa popote: mtu hawezi kuhesabiwa kuwa hana uwezo wa kuamua eti kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Watu wasio na ulemavu hununua simu za bei kubwa na kuoa watu wasiowafaa kila siku, na hakuna anayewapeleka mahakamani kuwekewa msimamizi.

Hatari ya papo hapo ni jambo jingine; anayeelekea kugongwa na gari huvutwa kwanza na kuulizwa baadaye, kama angevutwa mtu mwingine yeyote. Kati ya soda na gari kuna maamuzi mengi ya kati, na kwa hayo msaidizi na aeleze wasiwasi wake waziwazi mara moja au mbili, atafute namna ya kupunguza madhara, kisha akae karibu.

Wapo pia wanaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Lakini Peru ilifuta mwaka 2018 utaratibu wa kuwawekea watu wazima wasimamizi kwa sababu ya ulemavu wao, Kolombia ikafuata mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2018 itifaki yake yenyewe ya haki za watu wenye ulemavu.

Ofisi zikikataa

Karani wa benki anaweza kusema kwamba hawezi kumhudumia "mtu wa namna hii" bila mlezi, au afisa wa ardhi akataka saini ya kaka. Mambo yafuatayo hufanywa kwa mfululizo, na kwa utulivu:

- Mwenye ulemavu ajitambulishe kwanza na kueleza shida yake, kwa maneno, kadi au picha. Msaidizi aongeze tu kile alichoombwa kukiongeza.
- Waombe kuonyeshwa kifungu cha sheria au kanuni kinachomzuia.
- Waombe kukataliwa huko kuandikwe, kukiwa na jina, cheo, tarehe na muhuri.
- Wamwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwa Kenya, ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu.
- Wawasiliane na chama: kwa Tanzania Bara, vyama vilivyo chini ya Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu (SHIVYAWATA), na kwa Zanzibar, Umoja wa Watu wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ).
- Watafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa Tanzania kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au huduma zinazotolewa Kenya chini ya sheria ya mwaka 2016.

Katika hatua hizi zote, nakala za barua zitunzwe na mwenyewe katika mfuko wake, na siku ya kurudi ofisini aulizwe kwanza kama bado anataka kuendelea na shauri hilo, kwa sababu hata vita vya kupigania haki yake ni uamuzi wake.